Msimu wa Kupigwa Kalenda

Jumatatu, 7 Oktoba

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya maneno mawili ya Kiingereza. Najua wenzangu hununua daftari kwa mambo makubwa zaidi.

Ilikuwa hivi. Mimi ndiye mwandika matangazo wa chama chetu cha msingi cha korosho hapa Kilangala. Ubao uko ukutani mwa ghala, chaki wananipa, mwandiko ni wangu mwenyewe. Nimeishia darasa la saba. Mengine nimeyaokota njiani, kama watu wanavyookota korosho za mpakani. Leo asubuhi mwenyekiti wetu, Bonaventura, kaja na agizo kwamba tangazo la mnada kuahirishwa liandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana wanunuzi wa siku hizi wanatoka nje. Nikamuuliza ni mnunuzi gani wa nje atakayekuja kusimama Kilangala asome ubao. Akasema, "Haruna, wewe andika. Kusoma ni kazi ya wengine."

Hawasomi. Huu mwaka wa tisa. Mtu anasimama mbele ya ubao, anautazama wote kutoka juu mpaka chini, halafu ananigeukia: "Kwani pameandikwaje?"

Nikaenda kwa jirani yetu, Mwalimu Scholastica, anayefundisha Kiingereza sekondari. Nikamwambia nataka neno la kuahirisha. Akasema yapo mawili. Moja la ofisini, postpone. La pili la mdomoni, put off. Nikachagua la mdomoni. Nikajitia ujuzi: put ni weka, off ni zima, kwa hiyo ni kuweka kitu kikiwa kimezimwa. Mwalimu akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akasema vitenzi vya namna hii havipasuliwi kama korosho ukitafuta kiini, vinamezwa vizima. Hiki maana yake ni kukisogeza mbele kitu ulichopaswa kukifanya sasa. Na ili kiniingie damuni, niandike kila ninaloliona likisogezwa mbele, nani kalisogeza na mpaka lini. Msimu ukiisha nimpelekee asahihishe.

Basi la kwanza ni mnada. Wakubwa wameusogeza kutoka kesho mpaka Ijumaa.

Mengine ya leo hayahusu neno. Salome, mke wangu, bado yuko Kinjumbi kwa binti yetu aliyejifungua; ugali napika mwenyewe na kuujutia najutia mwenyewe. Mama kashinda barazani na kanga mpya aliyoletewa na dada yangu Kidawa kutoka Rasbura, Lindi mjini, nyeupe yenye pindo jekundu, na viatu mguuni tangu asubuhi. Kapita mbele yangu, kageuka, kapita tena. Nikamwambia, "Bi Umi, leo unaolewa wapi?" Akauliza nitakwenda Lindi lini. Nikasema mnada ukishapita. Akasema, "Haya, baba."

Jumanne, 8 Oktoba

Bonaventura kasogeza mbele kuziba tundu la paa la ghala. Mpaka mvua ije imwonyeshe lilipo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mnada umesogezwa tena, mpaka Ijumaa ijayo. Nikaandika, put off till next Friday. Watu kumi na saba wameniuliza pameandikwaje.

Mchana Kidawa kapiga simu, hata salamu hakunipa.

"Mama hujamleta."

"Kumleta wapi?"

"Haruna, madaktari wa macho wametoka Dar, wako hapa mjini toka Jumatatu. Leo wanafunga. Redio nzima inatangaza."

"Redio yangu haina betri. Wewe ulishindwa kuniambia?"

"Nilimwambia Mama akwambie."

"Hajaniambia."

"Hajakwambia?" Kisha akasema taratibu, "Ile kanga kaipata lakini?"

Nikasema kaipata na imempendeza. Sikuona kanga inaingiaje hapa, lakini Kidawa ndivyo alivyo, ukizungumza naye ugonjwa ataingiza nguo.

Jioni nikamuuliza Mama mbona hakuniambia habari ya macho. Akawa anachambua mchele kwenye ungo, vidole vinakwenda, uso kaugeuzia kwenye mwembe. "Nilikwambia, baba."

"Lini, Mama?"

Vidole vikasimama kidogo. "Basi. Labda niliota."

Umri huo. Nimeandika: Mama kasogeza mbele matibabu ya macho, mpaka msafara ujao. Wanasema ni tarehe kumi na nane Novemba. Kusema kweli namwelewa. Mambo ya mwili wake humwambia mkwe wake, na mkwe huniambia mimi. Ndivyo tulivyolelewa, mama hamfunulii mwanawe wa kiume maradhi yake. Na mkwe yuko Kinjumbi.

Jumapili, 13 Oktoba

Mimi, kufua. Mpaka Salome arudi au aibu izidi.

Jumanne, 15 Oktoba

Mama kamimina chai pembeni ya kikombe, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayemwagilia mchicha. Kisha akainua kikombe kitupu akanywa. Mimi nikatazama pembeni. Adabu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mnada umefanyika. Siku ya ajabu, sikuwa na la kuandika ubaoni.

Nilimpelekea Mwalimu kurasa zangu. Kasahihisha vitu viwili, akanitahini. "Harusi, unaweza put off?" Naam. "Safari?" Naam. "Mvua?" Nikafikiri. Nikasema mvua haina simu. "Njaa?" Nikasema mpaka saa nane mchana, si zaidi. "Kifo?" Hapo sote tukatazama chini. Akasema, "Umeelewa. Haliendani na chochote tu. Kinaahirishwa kile kilicho mkononi mwako."

Nikaiandika hiyo, nikapigia mstari, nikafurahi kama mtu aliyeelewa.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo nimempima Mama kwa hila. Amekaa barazani, nikamjia kwa upande wa kushoto nikanyoosha mkono usawa wa sikio lake, nikachezesha vidole. Hakuna. Nikausogeza mbele, mbele, mpaka ukakaribia pua. Ndipo akasema, "Ondoa mkono wako, una harufu ya chaki."

Upande wa kulia akauona mapema kidogo. Anasema taa ikiwaka ina duara ya rangi kama upinde wa mvua, nzuri mno, na kwamba dunia imekuwa kama inachunguliwa kwenye bomba. Alisema hayo kwa sababu nilimbana. Kisha akaona haya, akaanza kuzungumzia kuku.

Nikampigia Kidawa. Kasema, "Mlete hata kesho. Hapa hospitali yupo muuguzi wa macho, ataanza naye." Nikasema muuguzi wa nini, na mabingwa wanakuja baada ya wiki tatu? Tena wiki hii kuna upimaji ghalani, Bonaventura hanipi ruhusa. Kidawa akasema, "Umemwomba?" Nikamwambia mtandao unakatika.

Sikumwomba. Namjua mtu yule, angekataa.

Jumatano, 30 Oktoba

Bonaventura, tundu la paa. Bado.

Jumamosi, 2 Novemba

Leo nitaandika marefu.

Asubuhi nilikwenda ghalani, kazi imejaa. Saa tano akaja jirani kuniambia Mama hayupo barazani, hayupo jikoni, hayupo popote. Nikacheka. Bi Umi atakwenda wapi? Nikamaliza mstari niliokuwa ninauandika. Huo mstari naukumbuka: wakulima wakaushe korosho vizuri kabla ya kuleta. Ndio niliokuwa naumalizia.

Nyumbani ndoo ya kuokotea haikuwepo. Nikajua kaenda shamba. Shamba letu si mbali, dakika ishirini kwa miguu yangu, lakini njia ina korongo lililochimbwa na mvua za mwaka jana, na pembeni mwa njia ndiko asikoona. Nilikimbia. Nina miaka arobaini na tisa, nilisahau jinsi kukimbia kunavyoumiza meno.

Kwenye korongo nikachungulia. Hakuna mtu. Nikashukuru, kisha nikaogopa zaidi. Nikaita, "Mama!" Mikorosho inajibu kwa majani tu. Nikazunguka safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mabibo yameoza chini, nzi wamejaa, jua limesimama. Nikaanza kuahidi mambo. Nilimwahidi Mungu vitu vingi pale, na kwa kuwa najijua, sitavitaja hapa.

Nikamkuta kwenye safu ya mwisho, mkorosho wa zamani aliopanda marehemu baba. Kafungwa kamba.

Nilivyoiona ile kamba nikadhani kuna mtu kamfanyia. Kamba ya katani, ncha moja kwenye shina, ncha ya pili kiunoni mwake. Amepiga magoti, anapapasa chini kwa viganja viwili, anaokota, anatia ndooni, anasogea, anapapasa. Kamba ikikaza anajua amefika mwisho wa kivuli, anageuka. Chini ya mti palikuwa safi kama pamefagiliwa.

"Nani kakufunga?"

"Nimejifunga mwenyewe, baba. Nisipotee. Mbuzi anafungwa na haoni aibu, sembuse mimi."

"Toka lini?"

"Toka zilipoanza kudondoka." Akatikisa ndoo. "Nazisikia zinapoanguka. Ila zikinyamaza ndiyo nahangaika."

Nikaitazama ndoo. Korosho nzuri, kavu, na katikati yake vijiwe. Vijiwe vyenye umbo lile lile, ukubwa ule ule. Nikakumbuka magunia yetu mawili yaliyokataliwa ghalani wiki iliyopita kwa kukutwa na mawe, na maneno niliyomwambia Mama jioni ile. Nilimwambia anakuwa mzembe. Alinijibu, "Haya, baba."

Nilimfungua ile kamba. Fundo lilikuwa gumu, nililifungua kwa meno. Njiani alinishika bega, nami nikaenda mbele, na kwenye korongo nikasema "hapa", naye akainua mguu juu sana, kama anavuka kitu kirefu kuliko kilivyo.

Jumapili, 3 Novemba

Siku kumi na tano mpaka tarehe kumi na nane. Nimemkataza shamba. Anakaa barazani na mikono mapajani, kama abiria.

Jumatano, 6 Novemba

Kumi na mbili.

Jumapili, 10 Novemba

Nane. Anasema kichwa kinauma upande mmoja. Nimempa panadol. Kidawa anapiga simu kila siku saa moja jioni, hanisemi tena, anauliza tu, "Kala?" Nilikuwa nasema dada yangu kawa mtu wa mjini, anayejua kuagiza. Leo nimegundua kaacha kazi yake ya kuuza maandazi asubuhi ili awe anakwenda hospitali kutuwekea nafasi kwenye orodha. Hakuniambia yeye. Deo wa bodaboda ndiye kaniambia.

Jumapili, 17 Novemba

Nimefunga begi. Nguo za Mama, mswaki, cheti, redio. Deo kasema atatufikisha barabara ya lami saa kumi na moja alfajiri. Mama kaoga, kavaa viatu, kakaa barazani toka saa tisa mchana, kwa safari ya kesho.

Saa kumi na mbili jioni ujumbe wa Kidawa: "Msije. Msafara umesogezwa hadi tarehe 25. Gari lao limeharibika."

Nikausoma mara nne. Mimi ndiye mtu wa kwanza Kilangala kusoma tangazo mara nne.

Nikamwendea Mama nikamwambia. Akainama, akavua kiatu kimoja, akatulia, akavua cha pili. Akavipanga sawa, kwa kupapasa.

Jumatatu, 18 Novemba

Mwalimu Scholastica kanisikia nikitukana peke yangu nyuma ya ghala. Akaniambia put off ina matumizi mengine. Ukimtia mtu katikati, put him off, put her off, hapo hukuahirisha jambo bali mtu. Anakujia na haja yake, unampa kesho, unampa wiki ijayo, mpaka achoke aondoke. Nikasema hiyo sisi tunayo siku nyingi, tunaita kumpiga mtu kalenda. Akasema, "Ehee, hiyo hiyo."

Nimeandika majina ya waliompiga kalenda Mama. Wakubwa wa mnada. Bonaventura na upimaji wake. Madaktari na gari lao. Mama mwenyewe, ile Oktoba alipoacha kusema. Ukurasa mzuri, mwandiko umenyooka.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua. Imeanza saa nne asubuhi na hadi ninapoandika haijapumzika. Tundu la paa limejionyesha, magunia thelathini yamelowa. Kidawa nimemwambia kesho tunakuja hata kwa miguu.

Jumatatu, 25 Novemba

Hatukwenda. Korongo limejaa pale linapokatiza njia ya kwenda lami, Deo kajaribu mara mbili, mara ya pili pikipiki ililala na maji. Mama kanisikia nikirudi, akasema kabla sijafungua mdomo, "Haya, baba."

Nimeanza kuichukia hiyo haya.

Jumanne, 26 Novemba

Alfajiri nilisikia sauti ambayo sikuijua. Nilidhani mnyama. Mama alikuwa amejikunja kwenye mkeka, kichwa kakizika mapajani, anatapika maji matupu. Jicho la kulia, lile lililokuwa bado linaona, limewiva jekundu, gumu kama korosho mbichi ukiligusa juu ya kope. Anasema, "Litoeni. Litoeni tu." Mama wa miaka sabini, ambaye hakuwahi kusema mbele yangu hata kwamba mguu unamuuma.

Nikatoka kwenye mvua bila viatu nikaenda kwa Bonaventura. Sijui kwa nini kwake. Nadhani nilitaka mtu wa kumpigia kelele. Nikamkuta anakunywa chai, nikamwambia yote mlangoni, upimaji, ruhusa, wiki zile zote, nikamwambia kama Mama atapofuka jina lake nimeshaliandika.

Akaweka kikombe. "Ruhusa gani, Haruna?"

"Ya kumpeleka Mama Lindi."

"Uliniomba lini?"

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Nikasema angekataa.

"Mimi? Kwa ajili ya Bi Umi? Mama yule si ndiye aliyempokea mwanangu wa kwanza kwa mikono yake, usiku mkunga hayupo?" Akasimama, anatafuta koti. "Nyinyi Wamwera mna kiburi cha ajabu. Mtu anajikatalia mwenyewe halafu anakuja kugomba. Lete mama."

Ana trekta bovu la chama, halina taa, lina tela. Tulitandika magunia matupu, tukamlaza Mama, nikamfunika turubai la kufunikia korosho. Bonaventura akaendesha mwenyewe, miaka sitini na mbili, tumbo linagusa usukani. Kwenye korongo akasimama, akatazama maji. Akasema, "Bertha akiuliza, mwambie nilikuwa nimevaa koti." Bertha ni mkewe. Akatia gia.

Maji yaliingia kwenye tela mpaka kiunoni mwangu nikiwa nimepiga magoti. Nilimwinua Mama begani kama gunia, naye alikuwa mwepesi kuliko gunia lolote nililowahi kubeba. Alikuwa ameacha kulia. Aliniambia sikioni, "Tumefika?" Nikasema bado. Akasema, "Haya." Nikamwambia, "Mama, usiseme haya. Nitukane." Akanishika sikio, basi, kama unavyomshika mtoto.

Trekta lilitoka. Kwenye lami tulingoja gari saa moja na robo. La kwanza lilijaa, la pili likasimama.

Jumatano, 27 Novemba

Daktari ni mwanamke kijana, mpole, mchovu. Kidawa alikuwa ametushikia nafasi toka Jumatatu. Jina la Mama lilikuwa la kwanza, limepigiwa mstari.

Presha ya macho. Maji ya ndani hayatoki, yanabana, mshipa unakufa kidogo kidogo kutoka pembeni kuja katikati. La kushoto limekwenda. La kulia wamelishusha presha kwa sindano na dawa, maumivu yamepungua, limebaki tundu.

"Tundu kiasi gani?" nikauliza.

Akakunja kidole cha shahada na gumba, akaacha nafasi ya kupitisha penseli.

"Litafunguka?"

"Lililokufa halirudi. Tunalinda lililobaki. Matone haya asubuhi saa mbili, jioni saa mbili, kila siku, maisha yake yote. Ukiruka, linaendelea kufunga." Akachukua kalamu. "Dalili zilianza lini?"

Nikasema, "Mwezi uliopita. Mwisho wa Oktoba hivi."

Mama akasema, "Toka Septemba. La kushoto lilikuwa bado linaona, Septemba."

Daktari akatazama karatasi, akamtazama Mama. "Oktoba tulikuwa hapa wiki nzima, mama. Ungekuja wakati ule tungekuwa tunazungumzia macho mawili."

Kidawa akageukia dirishani. Mama akasema, "Nilichelewa mimi, mwanangu. Uzee."

Nilifikiri analosema ni kweli.

Ijumaa, 29 Novemba

Tumerudi. Matone, asubuhi na jioni. Hakuna jingine.

Jumapili, 1 Desemba

Salome karudi kutoka Kinjumbi, kaleta samaki wakavu na picha za mjukuu kwenye simu. Alimwonyesha Mama moja baada ya nyingine, akaishika simu mbele ya lile tundu, anaisogeza polepole, ili mtoto apite mzima, kipande kwa kipande. "Hili sikio," anamwambia. "Hii pua, ya kwenu." Mama akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka toka msimu uanze.

Kisha Salome akavamia nguo zilizorundikana. Mimi nipo jikoni, nimekaa kwenye kibao, nachambua samaki. Anafua anaimba. Akanyamaza ghafla. Akaja mlangoni ameshika kanga nyeupe yenye pindo jekundu, inachuruzika maji miguuni mwake.

"Baba Mwanahawa, hii Mama alivaa lini?"

"Mwanzo wa Oktoba. Kidawa kamletea."

"Mbele yako?"

"Si ndiyo. Alipita nayo pale barazani kama bibi harusi."

Salome akaikunjua, akaishika kwa ncha mbili kama mtu anayeshika bango, na maandishi yakatokea juu ya pindo la chini, meusi, makubwa, ya kusomeka hata na mtu aliyesimama upande wa pili wa ghala:

MWANANGU NISHIKE MKONO TWENDE

Nikaenda kulitoa daftari. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Yote yamo, nimeyaandika mimi, kwa mwandiko ule ule wanaousifu. Kanga mpya. Viatu mguuni tangu asubuhi. Kapita, kageuka, kapita tena. Nimeandika rangi ya pindo. Kidawa alishampa habari ya madaktari kabla, mkwe hayupo, Mama hawezi kunifunulia kwa mdomo, akamwagiza Kidawa mjini amtafutie kanga yenye neno, akaivaa, akanigeuzia mgongo mara mbili nisome. Mimi niliyelalamika miaka tisa.

Nilifungua na ule ukurasa wa majina. Nimeyafuta kwa wino yote. Nimeandika moja, na chini yake sentensi kwa Kiingereza, kwa ajili ya Mwalimu: On 7 October I put my mother off. Sidhani kama ina la kusahihishwa.

Jumanne, 3 Desemba

Nilikaa siku mbili natafuta namna ya kumwambia. Leo jioni yeye ndiye kaanza, tuko barazani.

"Hilo daftari unaandika nini kila siku?"

"Matangazo, Mama."

"Nisomee."

Ulimi ulishafika kwenye kesho. Niliisikia imesimama nyuma ya meno, tayari, imevaa. Nikaimeza. Nikafungua ukurasa wa kwanza nikasoma kwa sauti, daftari, maneno mawili, Bonaventura, ubao. Kwenye watu wasiosoma ubao akacheka kidogo. Nikafika kwenye kanga. Nikasoma mpaka "haya, baba", nikashindwa kuendelea.

Alikuwa amegeuza uso upande wangu, anautafuta uso wangu kwa lile tundu, juu kidogo, chini kidogo, mpaka akaupata akatulia.

"Nami nilibandika tangazo langu," akasema.

"Sikulisoma, Mama."

"Najua. Nilikuona unaniangalia." Akapapasa ukingo wa baraza, akaupata mkono wangu akauweka juu ya goti lake. "Endelea. Pale uliponikuta na kamba, umeandikaje?"

Nilimsomea mpaka mwisho. Hakusema haya hata mara moja.

Ni saa mbili kasoro dakika moja. Chupa ya matone iko hapa pembeni ya daftari, na Mama ameshaegemeza kichwa nyuma. Naweka kalamu chini.